Kondensa ya Amplifaya ya Mzee Mbaruku

Ngamiani, Jumatano.

Mvua imenyesha alfajiri, kisha jua limetoka kali na bati la kibanda changu linapika kichwa. Moyo wangu nao haujapoa tangu asubuhi. Mzee Mbaruku ameniletea amplifaya yake.

Mbaruku huyuhuyu. Mwaka jana, nilipopeleka posa Pongwe kwa kina Mwanaidi, ndiye aliyekwenda kumwambia baba yake kwamba mimi huchomoa valvu nzima, zile chupa za kioo zinazoendesha redio, kwenye redio za watu na kuweka mbovu. Uongo mtupu. Posa ikarudi, na Mwanaidi ameshaolewa Muheza. Hadi leo wapo wanaoniletea redio kisha wakakaa palepale kunichunga mikono.

Namchukia. Naliandika hili ili nisije nikalegea siku akinichekea.

Amplifaya yenyewe ni ya jeshi, iliyobaki baada ya vita, anayoikodisha kwenye harusi. Sasa inanguruma mpaka mwimbaji hasikiki. Jumamosi anamwoza mwanawe, taarabu itapigwa uani kwake, na fundi wake yuko milimani Amani akitengeneza jenereta. Ndiyo maana kanijia. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba, kisha akasema mbele ya wapita njia, "Usije ukaniunguzia."

Nimeifungua. Kondensa za upande wa kuingizia umeme zimekauka. Kondensa ni kama mtungi: umeme unakuja kwa vishindo, mtungi unaukusanya na kuutoa taratibu. Ukikauka, vile vishindo vinapita moja kwa moja hadi kwenye spika, na ndiyo hiyo ngurumo.

Mezani ninazo za aina mbili, ujazo sawasawa. Moja huhimili volti 450, nyingine 350 tu. Mashine hii ikishapata moto haifiki hata hiyo 350, lakini inapowashwa, valvu zikiwa bado baridi, umeme unapanda kupita mia nne. Ile ya 350 ingevumilia nikimjaribishia hapa. Jumamosi, baada ya kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa, ingepasuka na kutapika uchafu wake mbele ya wageni wote.

Nimeishika ile dhaifu. Nikatia moto chuma cha kulehemu.

Sikuona haya hata kidogo.

Hapo akaingia dada yangu Mwanakombo na bakuli la bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Yeye ndiye mwimbaji wa kikundi kitakachopiga Jumamosi. Aliniona uso, akauliza nafanya nini, nikamweleza kweli yote. Akaliweka bakuli mezani.

"Kaka, ikipasuka watu watamwonea huruma, na wewe utakuwa umeyathibitisha maneno yake. Itengeneze vizuri, nami nisikike."

Kisha akaniimbia kwa sauti ya chini wimbo alioutunga tangu posa iliporudi. Kiitikio chake ni hiki: Ngoma umeitoboa, leo wataka ichezwe.

Jina halimo. La nini, na Ngamiani nzima inajua? Na taarabu ina sheria yake, fumbo halikatazwi. Akiinuka kulikataa, kajitaja mwenyewe. Akinyamaza, atakaa alimeze ubeti kwa ubeti huku wanawake wakienda kumtunza Mwanakombo pesa, wakirudi, wakienda tena.

Basi nimeweka za 450. Nilikuwa na moja yenye ujazo mkubwa zaidi, nikaiacha, maana ingeilemea valvu inayonyoosha umeme, na sitaki kitu chochote kife Jumamosi. Chanya na hasi nimezitazama na kuzirudia. Sijawahi kumfanyia mtu kazi safi hivi, hata ninaowapenda.

Alasiri nimeiwasha. Kimya kabisa, hakuna ngurumo. Nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni nikalitaja jina lake, Mbaruku, kwa sauti ya kawaida tu.

Bi Zena, jirani wa ng'ambo ya barabara, akafungua dirisha akauliza Mbaruku kafanya nini.

Nimemwambia Jumamosi asikose.