Sinia la Pilau kwenye Karakana ya Bendera

Ijumaa, Februari 1998. Schaerbeek.

Manyunyu tangu alfajiri, hayakatiki. Nimekaa jikoni na koti sijalivua. Moyo unaniuma, niseme tu.

Nafanya kazi mtaa wa Forest, upande wa pili wa mji, kwenye karakana ya kushona bendera. Bosi wetu hupenda kutania kwamba Wazungu wakigombana yeye anaongeza mashine. Miaka hii ya tisini Yugoslavia imekatika vipande, na kila kipande kinataka bendera zake, za wizarani, za shuleni, za kuweka mezani. Hata Wabelgiji wenyewe: asubuhi tunashona simba wa Waflandria, mchana jogoo wa Wawaloni. Nilipokimbia Bujumbura nilidhani huku mambo ya fulani ni wa wapi yalishakwisha zamani. Nilijidanganya.

Senada na Jasna wanashona wakitazamana, mbele ya mashine yangu. Wametoka mji mmoja wa Bosnia. Senada ni Mwislamu, Jasna ni Mserbia. Kila mmoja alikimbia vita kwa njia yake, wakaja kukutana hapa. Kahawa yao ilikuwa moja, na ndio walionifundisha kuchovya kipande cha sukari kwenye kikombe kabla ya kukitia mdomoni.

Wiki iliyopita ikaja oda ya bendera mpya ya Bosnia: buluu, pembetatu ya manjano, nyota nyeupe, ya juu na ya chini zimekatwa nusu. Senada alipomaliza ya kwanza akaibusu. Jasna akasema hiyo si yake, yake ni ile ya zamani, ya nchi waliyozaliwa wote wawili. Senada akamjibu kwamba nchi hiyo ya zamani ndiyo iliyommeza kaka yake.

Tangu siku hiyo hakuna kahawa.

Mimi nikajitia busara. Kwetu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wanawake wakinuniana, mama aliwapikia, akawanawisha kwenye beseni moja, akawawekea sinia moja, na hakuna kuinuka mpaka chakula kiishe. Wakifika katikati vidole vinagongana, mtu anacheka, basi yamekwisha. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo leo nimebeba pilau ya nyama kwenye tramu, nimeikumbatia kama mtoto mchanga, watu wote wananusa.

Saa ya chakula walikubali kukaa. Waliniheshimu, hilo siwezi kulikana. Wakanawa, wakala, hata wakaisifu, lakini kila mmoja aliisifu kwangu.

Senada alikula upande wake. Jasna upande wake. Mimi nikawa naongea kama redio, ya mvua, ya bosi, ya tramu. Nilipotazama chini, katikati ya sinia pamebaki tuta la wali, limenyooka toka ukingo huu hadi ule. Hakuna mkono uliolifikia. Nyama nzuri zote zilikuwa humo.

Senada akanishika mkono, akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu, “Zuwena, usitupatanishe. Sisi hatujagombana.”

Jasna akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa mekundu. Wakainuka, kila mmoja akarudi kwenye mashine yake, na zile nyota za nusu zikaendelea kutoka.

Maman Furaha wa Bukavu, anayetupigia pasi, alikuwa ameona yote. Akainama kuchukua sinia. “Bon, acha tu, maman,” akaniambia. “Bazungu nabo beko na makabila yabo.”

Nikamzuia asimwage. Nikalila lile tuta peke yangu, limeshapoa, machozi yananitoka mbele ya watu na sikujali. Nawapenda wote wawili. Sikuja Ulaya kuchagua mtu tena.

Jumatatu nitafungua mlango wa karakana, nao watainua vichwa kwa pamoja kama kawaida yao. Salamu ya kwanza nitampa nani?