Tarumbeta Nne za Kambale

Kambale, rafiki yangu,

Gari limepanda. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, kabla ya habari za mke wako, kabla hata ya kunisalimu. Limepanda kilima chote, na mdomo wa bati mbele, na tarumbeta zako nne chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri, na halikukohoa. Sasa umejua. Sasa niache nikueleze mengine, maana tangu tukuzike sijaweza kuongea na mtu kwa utaratibu. Naanza neno, naliacha katikati, natafuta funguo, naondoka. Beni, Butembo, Beni, Butembo. Baba anasema lori lake halijawahi kuzunguka hivi hata msimu wa kakao.

Siku ile nilikuwa Mbau. Tulikuwa tunapakia, mimi niko juu ya lori napanga mifuko, simu ikalia. Alikuwa Kahambu, mke wako. Hakulia. Alisema tu, "Zaina, Kambale ameanguka ku soko. Presha imemupiga. Tuko ku hôpital." Nikaruka chini, nikaacha mizigo nusu. Nilipokaribia Beni simu ikalia tena. Sikuipokea. Nilijua. Niliendelea kushika usukani kana kwamba nikichelewa kuipokea, na wewe utachelewa kwenda.

Kesho yake kwaya ya kanisa lenu iliimba kwa Kinande, wimbo baada ya wimbo, na mimi, Mwislamu wa mtaa wa Beu, nilisimama nyuma na kitenge cha kuazima, sijui niweke wapi mikono yangu. Nilitamani mtu anipe kazi. Kubeba viti, kuchota maji, chochote. Hakuna aliyenipa. Wote walisema, "Kaa, dada, kaa." Kukaa ndiko nilikokuwa siwezi.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja kwenye kiwanja chako kule Butembo na kifuniko cha gearbox cha lori la baba, kimepasuka katikati. Ulikuwa unayeyusha masufuria mabovu na pistoni zilizokufa, unaumimina uji ule wa aluminium kwenye mchanga, zinatoka sufuria mpya. Kahambu alikuwa anashindilia mchanga kwenye fremu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Ukanitazama, ukauliza kama ni kweli mimi ndiye yule binti wa Saidi anayeendesha lori. Nikasema ndiyo. Ukasema, "Donc wewe ndiye utaendesha gari yangu." Nikacheka, maana gari lako, ile Corolla ya zamani kwenye kona, kuku walikuwa wametaga ndani yake. Moteri ilikuwa chini, juu ya mfuko, vipande vipande.

Ulikuwa na wazimu wa aina moja tu, Kambale, na wazimu huo ulikuwa hewa.

"Batu banawazaka moteri inakulaka esansi," ulikuwa unaniambia. "Hapana! Inakulaka hewa. Esansi ni chumvi tu." Ukaenda kutafuta karibireta nne za pikipiki kubwa iliyogongwa, ukazifunga kwenye moteri ya gari, kila silinda na karibireta yake ya kuchanganya hewa na petroli ile. Mafundi wa mtaa wakaja kucheka. Nikakuuliza kwa nini usinunue turbo kama wenzako, kitu cha kusukuma hewa ndani kwa nguvu. Ukakasirika kweli kweli. Ukasema moteri inayosukumiwa hewa ni sawa na mtoto anayelishwa kwa kushikwa pua. Wewe ulitaka moteri inayovuta pumzi yake yenyewe, na kazi yako iwe kuifungulia njia tu.

Hapo ndipo zilipotoka tarumbeta. Mabomba madogo manne, moja mbele ya kila karibireta, na mdomo uliopanuka na kukunjwa nje. Nilidhani ni pambo. Ukanishika mkono, ukanitoa mpaka barabarani, ilikuwa Jumapili, watu wanatoka ibadani. "Angalia," ukasema, "mulango ya kanisa iko na kona kali, batu banagongana mabega. Ukifanya kona muviringo, banapita kama maji. Na hewa ni vile vile." Mke wa mchungaji akatuuliza tunacheka nini. Ukamwambia tunachunguza mlango. Wewe!

Zile za kwanza zilitoka na matundu kama mkate. Uliziyeyusha tena. Za pili mdomo haukuwa mviringo sawa, ukazirudisha motoni bila hata kunionyesha. Nilikuwa nakuja kila safari ya Butembo na kukukuta unapitisha kidole gumba ndani ya bomba, macho umefumba, unatafuta palipokwaruza. Halafu tukagombana juu ya urefu. Mimi nilitaka fupi, nilipenda zile zinazolia juu. Ukachukua mianzi miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, ukapuliza. "Mufupi inaimba juu, murefu inaimba chini. Sisi tunapandaka mulima, Zaina. Nguvu yetu inatakiwa ikuwe chini." Tukajaribu zote mbili kwenye mteremko wa nyuma ya soko, na ile ndefu ikanivuta kutoka kwenye kona kama mtu amenishika mkono. Nikakurudishia zile fupi. Hukunicheka. Ulisema tu, "Voilà."

Mdomo wa bati ulikuwa wa mwisho. Ulitoa taa ya kushoto, ukaweka pale bomba pana la kupokea upepo, likapita pembeni ya radieta mpaka kwenye kisanduku ulichofunika nacho tarumbeta zote nne. Polisi wa roulage, wa barabarani, akauliza taa iko wapi. "Ilikuwa inaona tu, chef," ukamjibu. "Sasa inapumua." Akatuachia huku akicheka.

Hukunidanganya kuhusu mdomo ule. Ulisema mwendo wetu hautoshi kuufanya upepo utusukume sana. Faida kubwa ni ubaridi. Chini ya kapo hewa ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi moteri. Na huku juu Butembo hewa tayari ni nyembamba. Kwa hiyo tuilishe ile ya nje, ya asubuhi, ya baridi. Ulimaliza kisanduku Alhamisi yako ya mwisho. Hatukulitembeza gari nacho hata mara moja. Hata mara moja, Kambale.

Baada ya matanga kaka yako Paluku alisimama mbele ya watu na kusema, "Hii gari ndiyo ilikula akili ya ndugu yangu. Itoke mu hii parcelle." Sikuwa na haki ya kujibu. Aliyejibu ni Kahambu, ameketi chini kwenye mkeka, sauti haijapanda hata kidogo. "Itatoka, yaya Paluku. Mais itatoka na miguu yake." Mbio za kupanda kilima, zile madereva wanazopanga wenyewe kila kiangazi, zilikuwa zimekaribia. Paluku akasema sawa, mpaka siku hiyo, halafu gari liuzwe kwa yeyote anayenunua vyuma chakavu.

Basi nikalitoa. Nikalishusha Beni, kwenye lami, Jumamosi salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa, ilipoisha na malori hayajajaa barabarani. Kahambu alikataa kubaki. Akapanda kiti cha pembeni na nguo zake nyeusi, bidoni ya esansi katikati ya miguu.

Likaondoka vizuri. Tamu! Zile tarumbeta zinavuta, sauti inajaa ndani ya gari. Nikakanyaga. Likaenda. Nikakanyaga zaidi, upepo ukaanza kupiga mbele, na hapo hapo likakohoa. Likakata. Nikipunguza linarudi, nikiongeza linakata, kama mtu anayezibwa mdomo kila akianza kukimbia. Nikageuza, nikarudia. Vile vile. Nikaweka vitundu vipana zaidi vya esansi kwenye karibireta, nikiamini linakosa mafuta. Sasa likatoa moshi mweusi likienda polepole, na kwenye kasi bado likakohoa. Siku tatu hivyo. Nilikutukana, nisamehe. Kwa sauti, barabarani, mbele ya mke wako. Nilisema, "Umeniachia nini hiki? Kwa nini hukungoja?" Baadaye Kahambu akasema, "Mi pia namuulizaka vile."

Nikalala na shida hiyo, nikaamka nayo. Nikatoa bomba la mbele: likaenda safi mpaka mwisho. Nikalirudisha: likakohoa. Donc si mafuta, si moto wa plagi, ni upepo wenyewe. Mdomo wako ulikuwa unaliua gari. Nilifikiri kulitoa tu na kupanda bila mdomo. Nani angejua? Tulisimama kando ya barabara, jua kali, sina tena la kujaribu. Kahambu akainua bidoni kuongeza esansi kwenye tangi. Ikawa inatoka kwa kusitasita, glu, glu, inamwagikia viatu vyake. Akaiweka chini, akalegeza kile kifuniko kidogo cha nyuma hewa iingie, akainua tena. Ikatiririka moja kwa moja.

Nilimshika mkono. Alidhani nimepatwa na kitu.

Kambale, sikiliza. Vile vibakuli vya chini ya karibireta, vinavyohifadhi esansi, vina vitundu vyao vya kupumulia. Uliifunika midomo ya juu kwa kisanduku, vizuri kabisa, lakini vitundu vya vibakuli uliviacha nje, kwenye hewa tulivu ya chini ya kapo. Gari likikimbia, upepo unajaa kwenye kisanduku na kukandamiza kutoka juu, na upande wa pili hakuna kinachosukuma esansi ipande. Inabaki chini. Moteri imejaa hewa, haina chumvi. Ulikifungulia njia kila kitu, ukasahau hicho kimoja, na ungekiona, najua ungekiona, siku ya kwanza ya kulitembeza. Ungepiga paji la uso na kucheka.

Nilikata vipande vinne vya mpira mwembamba wa pikipiki, nikaunganisha kila kitundu na kisanduku, ili vyote vipumue hewa moja. Nikarudisha vitundu vya esansi vya zamani. Nikawasha. Nikaenda. Upepo ukapiga, nikasubiri kile kikohozi, nikakaza mwili mzima, na badala yake gari likaendelea. Liliendelea tu, Kambale. Kahambu akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nikasimama kando, nikatoa simu mfukoni, nikatafuta jina lako, nikabonyeza. Iliita. Ilikuwa inaita ndani ya mkoba wa Kahambu, kwenye kiti cha pembeni. Tulikaa pale tukiisikiliza mpaka ikanyamaza.

Mbio, basi. Barabara ya udongo, vumbi jekundu, watu wamepanga mstari mpaka juu ya kuta. Nilifunga sponji kwenye mdomo wa bati kuzuia vumbi, kama ulivyotaka. Paluku alikuja, akasimama mbali, mikono nyuma. Bendera ikashuka na mimi sikumbuki mengi. Nakumbuka kona ya pili, gari likichota nguvu kutoka chini, zile tarumbeta ndefu zikinguruma. Nakumbuka watoto wakiziba masikio. Sikushinda. Aliyeshinda ni kijana wa Kanyabayonga, na turbo yake. Mimi nilikuja nyuma yake, na wengine wote walikuwa nyuma yangu, na wao pia wana turbo zao.

Walipofungua kapo na kisanduku, watu walisongamana kuziona tarumbeta. Zilikuwa zinang'aa. Yule kijana wa Kanyabayonga akapitisha kidole gumba ndani ya moja, polepole, akauliza, "Nani alifanya hii?" Kabla sijajibu, Paluku alikuwa amepenya kati ya watu. "Ndugu yangu," akasema. "Kambale, ndugu yangu." Halafu akanigeukia, na macho yake, sijui nikuelezeje. Akasema, "Iwashe tena, Zaina. Nisikie." Nikaiwasha. Alisimama ameinama juu ya moteri mpaka jasho likamlowesha uso, au si jasho.

Gari limebaki. Hakuna anayezungumza tena habari za kuuza vyuma. Kahambu amewasha tanuru. Sufuria zinatoka kama zamani, na wiki hii ametoa tarumbeta za kwanza za mikono yake, za yule kijana wa Kanyabayonga. Nilizishika. Hazina tundu hata moja. Nikamsifu, akasema, "Nani unafikiri alikuwa anatengenezaka muchanga?" Kweli. Nani?

Lakini kuna jambo moja sijaliweza. Tangu mazishi nimefika kwenye kiwanja chenu mara nyingi, na kila mara nimesimama mlangoni, moteri inanguruma, mguu mmoja nje. Naleta esansi, naleta habari, naondoka. Kahambu anaweka kiti. Nakiona. Nasema nina haraka.

Kesho napanda Butembo. Nakuahidi, Kambale: nitazima moteri. Nitaingia, nitakaa kwenye kiti kile, na nitakulilia kama watu wanavyolilia watu wao, mbele ya mke wako, bila kutafuta kazi ya kufanya. Wasingya, yaani asante kwa lugha yako, kwa yote. Mungu akulaze pema.

Mimi dereva wako,
Zaina