Pengo la Tatu Kwenye Mkokoteni

Jumanne, 4 Aprili
Nadine kaleta mkokoteni wa marehemu mumewe Royce leo, nyuma ya pikapu, umefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Ni nusu tu – ubao wa mgongo, ekseli, magurudumu mawili ya kigari cha mtoto cha zamani. Anataka niumalizie kabla ya shindano la shabaha la klabu yetu, la kumkumbuka marehemu, tarehe sita Mei. Mkokoteni utabeba kofia ya Royce na bunduki yake, halafu yeye mwenyewe atapiga raundi ya kwanza. Nadine huyu! Miaka yote kazi yake ilikuwa kuokota maganda ya risasi na kutugawia keki. Nikasema sawa. Ningesema nini? Hapa Kansas yote Royce hakuwa na rafiki mwingine mwenye randa na subira.

Hakushuka kunywa kahawa. Alitazama mlango wa karakana yangu, akageuza gari.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimeufuta vumbi. Royce kachora penseli kila mahali, mwandiko wa kuku. Vipimo, mishale, jina lake la uwanjani (kila mpigaji analo, langu ni Polepole): Mchungaji Bila Kondoo. Hakuna atakayelitumia tena, klabu imelifunga, ndiyo desturi. Juu ya ubao kuna mapengo matatu ya kuegemezea mitutu. La kwanza la bunduki yake, la pili la shotgani. Pembeni ya la tatu kaandika: "Del – angalia."

Del ni mimi. Mafundi huandikiana hivyo, najua. Alitaka nikague kipimo. Hata hivyo niliweka msumeno chini nikaenda kulisha kuku, na kuku walikuwa wameshakula.

Jumamosi, 8 Aprili
Sijawahi kuliandika hili. Naliandika.

Septemba, shindano la mwisho wa msimu. Royce kamaliza kupiga, kaja meza ya kutolea risasi. Hapo unafungua bunduki, unavuta mkono wake wa chini mara tatu kutoa risasi iliyobaki, mwenzako anachungulia chemba, anasema "safi." Bila neno hilo bunduki haiondoki mezani. Mwenzake siku hiyo nilikuwa mimi, na mkononi nina sahani ya pai ya pichi. Alivuta mara moja. Mbili. Akasema kitu kuhusu tumbo langu, tukacheka. Nikasema safi. Sikuangalia.

Kesho yake asubuhi aliipangusa nyumbani, ikalia.

Sherifu alisema ajali. Klabu nzima wanasema mzee alisahau, wengine wanasema alikuwa mzembe. Nadine anawasikia na kuinamisha kichwa. Nami nakaa nao, nakunywa kahawa yao.

Jumatatu, 10 Aprili
Nimepiga randa maandishi ya pengo la tatu. Yametoka.

Saa sita king'ora cha tufani kikajaribiwa, kama kila Jumatatu. Kilipokoma nikasikia gurudumu la kushoto. Tak. Tak. Kimya. Mkokoteni umesogea wenyewe shubiri mbili kuelekea mlangoni. Sakafu itakuwa inateremka tu. Nimeweka kabari.

Jumanne, 11 Aprili
Nimeweka pima maji sakafuni. Haiteremki kuelekea mlangoni. Inateremka kwenda ukutani.

Jumatano, 19 Aprili
Nimefungua gurudumu, nimetia grisi, nimebadili beringi. Bado. Ukilisukuma linalia mara mbili, halafu linazunguka kimya mpaka usimame. Ni ule mlio wa mkono wa bunduki, hasahasa. Nimejikuta nausubiri wa tatu.

Leo wakati wa kukagua gundi nilisema kwa sauti, "safi," mazoea tu. Kabari ikaruka. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 28 Aprili
Nimepiga msasa, nimepaka mafuta. Mbao za jozi, mafuta yakiingia rangi inaamka. Na maandishi yakaamka nayo. "Del – angalia." Si penseli tena, ni mkandamizo wake, Royce alikuwa anaandika kama anachimba shimo. Maelezo ndiyo hayo. Lakini nilikuwa nimeondoa unene wa kucha nzima.

Nadine kapiga simu. Anafanya mazoezi, bega limekuwa zambarau, anacheka. Akauliza kama mkokoteni uko tayari. Nilifungua mdomo nimwambie yote. Nikamwambia bado mpako mmoja wa mafuta.

Jumamosi, 6 Mei. Uwanjani, ndani ya gari
Naandikia magotini, potelea mbali.

Tuliuzungusha mkokoteni uwanja mzima, kofia juu, bunduki ya Royce pengo la kwanza. Watu wamevua kofia. Gurudumu halikulia hata mara moja. Nikadhani Royce amenisamehe.

Nadine akapiga. Kumi, zote zimegonga chuma. Makofi. Nikamsindikiza mezani. Mzee mmoja, msimamizi wa uwanja, akajitokeza kukagua, Nadine akamkatalia.

"Wewe kaa. Del ndiye atakayeangalia. Royce alikuwa anamwamini Del."

Akavuta mkono mara tatu, polepole, akihesabu kwa sauti. Nikainama. Chemba tupu. Nikaangalia tena. Tupu. Nikatia kidole, tupu kabisa. Neno halikutoka. Watu nyuma wakaanza kunitania – Polepole, amka bwana, pai zinapoa! Nikainama mara ya nne.

Nadine akasogea, akasema kwa sauti ya chini ili nisikie peke yangu, "Na siku ile uliangalia hivi?"

Nikamtazama.

"Kile alichokuandikia pale kwenye pengo," akasema, "nilikisoma kabla sijakuletea. Nimengoja mwezi mzima uniambie kitu, Del. Chochote."

Nikaondoka. Mbele ya watu wote, nikatembea mpaka kwenye gari kama mwizi. Nyuma nilimsikia msimamizi akisema safi.

Sasa namwona kwenye kioo. Anakuja peke yake katikati ya nyasi, anausukuma mkokoteni. Bunduki ipo juu yake, imefunguliwa, na ameihamisha. Imeegemea pengo la tatu. Huku nyasi ni laini, gurudumu halina cha kugonga. Lakini nalisikia.

Mara moja.

Mbili.

Amesimama nje ya mlango wangu. Hagongi. Anasubiri, na mimi nimeshika kitasa, nafungua nikamwambie.