Kisanduku cha Historia ya Familia

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama.

Uliwahi kunicheka kwamba nimesoma miaka yote ile nikaishia kuandika namba. Ndiyo kazi yenyewe. Faili la mgonjwa likifika mezani kwangu, nageuza maneno ya daktari kuwa misimbo, bima isome, ikubali au ikatae. Mwanamke akitaka kuondolewa matiti kabla hajaugua, kwa kuwa amerithi jeni ya saratani, msimbo wa kinga hutangulia, ukafuata wa jeni, kisha wa historia ya familia. Ukiacha sababu hizo, bima huona matiti mazima yanakatwa bure.

Mwaka juzi lilinijia faili la mwalimu mmoja. Karatasi yake ya maabara ilikuwa imenatana na nyingine, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika kinga peke yake. Bima ikakataa. Mwalimu akawa anakuja dirishani kwetu kila wiki, na sweta yake ya kijani, akiuliza kwa upole kama kuna jibu. Nilimwambia avute subira. Ilipita miezi mitano kabla sijaibandua ile karatasi. Alipopimwa upya kabla ya upasuaji, uvimbe ulikuwa umeshaingia. Nikafuta kinga kwa mkono wangu, nikaandika saratani.

Amekufa, Dada. Bado naiona sweta ile dirishani, mchana kweupe, na nikiinuka hakuna mtu. Msimamizi wangu husema hakuna asiyekosea kazini. Nimechoka kumwitikia.

Nakuandikia haya kwa sababu ya barua yako. Ulisema daktari wa kliniki alikuuliza kama kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi katika familia, ukamjibu hakuna. Hukudanganya. Mwongo ni mimi, na mama kabla yangu. Mama hakufa kwa mapafu, kama tulivyokwambia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, nililiona titi lile. Aliniapisha nisikwambie, maana ulikuwa mjamzito na aliogopa mshtuko ungekuharibia mimba. Mtoto akazaliwa, akakua, nami nikazoea kunyamaza.

Mwezi uliopita nilipima damu. Jeni ninayo. Napasuliwa Jumatatu. Mtu haruhusiwi kuandika faili lake mwenyewe, kwa hiyo mwenzangu wa meza ya pili, alipofika kwenye kisanduku cha historia ya familia, ndiye aliyeniuliza nani aliugua kwetu. Nikasema ni mama. Sikuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu, na nililia mpaka akafunga mlango.

Rudi kliniki, Dada, ubadilishe jibu lako, upimwe. Kunichukia utanichukia baadaye, sitakimbia.

Nisalimie shemeji na vijana. Na yule binti aliyekuwa tumboni wakati ule, ambaye kila mtu husema amefanana na mama, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka sana. Unapokwenda kliniki, nenda naye.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto