Saladi Iliyongoja Bugali

Butembo, Jumapili, tarehe 3 mwezi wa nane

Mama,

Leo nitakuambia yote bila kuficha kitu, hata yale ambayo Papa alituomba tusimwambie mutu. Wewe hautayapeleka sokoni.

Nimefaulu mtihani wa mwaka wa nane! Habari ilinikuta Jumatano nikifua nguo, nikakimbia hadi kwa dada Masika na sabuni bado mikononi. Lakini furaha yangu haikuwa nzima. Nilitaka kuingia section ya nutrition, nijifunze mambo ya chakula, na Papa alikuwa amekataa. Karatasi ya kuniandikisha ilikaa siku hizo zote ndani ya mfuko wa shati lake. Ilifika hadi Kirumba alipokwenda na gari kupakia kabichi, ikarudi bila sahihi.

"Kupika, binti anajifunzaka kwa mama yake," alisema. "Hapana ku masomo."

Lakini mama yangu ni wewe.

Basi jana Masika akasema lazima tusherehekee, akatupeleka kwenye resto mpya ya ghorofani, pale vijana wanapoipiga saladi picha kabla ya kuila. Mama, ungeiona! Majani mabichi, avoka, karoti zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, karanga za kukaanga, vipande vya jibini, na juu yake mchuzi wa tunda la marakuja. Tulinawa mikono, Papa akaombea chakula, akakutaja na wewe, tukasema amina.

Kisha tukangoja.

Tuliiangalia saladi, nayo ikatuangalia. Papa aliangalia mlango wa jikoni. Hata Masika, anayejidai mutu wa mji, aliweka mikono juu ya magoti. Watu waliofika nyuma yetu walikula, wakalipa, wakaenda zao. Mwishoni mpishi mwenyewe akatoka, mama mmoja wa kofia nyeupe, na uso wenye wasiwasi.

"Papa, chakula iko na shida?"

"Hapana shida, mama. Tunangoja tu bugali."

"Bugali? Lakini hii banakulaka tu vile, mubichi, peke yake."

"Vile? Kama mbuzi?"

Masika alificha uso ndani ya kitenge. Meza ya pembeni ikacheka, mpishi akacheka, kisha Papa naye, kile kicheko chake kinachoishia katika kikohozi. Mama, sikuwa nimekisikia tangu tukuzike. Nilitamani kukifunga ndani ya jani la mgomba nikuletee.

Mpishi akatuletea bugali wao wa jikoni, ule wa wafanyakazi. Papa akamega tonge, akabana majani, akala, macho yakamtoka. "Kumbe iko tamu!" Mimi nilionja polepole, kama ulivyonizoeza, nimefumba macho. Nikamwambia mpishi kwamba katika mchuzi kuna tangawizi na asali kidogo.

"Ée! Nani alikufundisha kuonja hivi?"

"Mama."

Papa alimeza tonge lake, akamwuliza yule mpishi, "Na wewe, mama, hii yote ulijifunza kwa mama yako?"

"Alinifundisha nusu, Papa, kisha akafa. Nusu ingine niliitafuta ku masomo."

Papa alipangusa vidole, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kando ya bakuli, akaomba bic ya kuandikia, akatia sahihi.

"Papa, unaichafua na mafuta!" Masika akasema. "Ku masomo bataiona."

"Baione tu."

Ndivyo ilivyokuwa, Mama. Nitaanza mwezi wa tisa. Usiku wa kuamkia leo nililala na ile karatasi chini ya mto wangu.

Nyumbani tuko salama. Papa sasa anajifunga kitenge chako anapowasha moto, na anakataa kuvuliwa hata mgeni akiingia. Nakuahidi nitasoma kwa bidii, na kila nitakachojifunza nitakipika hapa kwanza, Papa akile akiwa amekaa nasi mezani, si amesimama kando ya gari. Pumzika vema, Mama. Usiwe na wasiwasi juu yetu.

Lakini nina neno moja, na nahitaji jibu lako upesi. Yule mpishi ameniambia kwamba juma la kwanza kila mwanafunzi anaandika chakula kimoja cha kwao, hatua kwa hatua. Nimechagua maharagi yako. Tumeyapika mara mbili tangu jana, na hayafiki kwenye yale yako. Papa anaapa kwamba poireau, kile kitunguu cha majani, ulikuwa unaitia kabla ya mafuta ya mawese. Masika anasema hapana, ni kisha. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako kila siku, na sikuangalia.

Mama, ilikuwa kabla, au kisha?

Binti yako,
Katungu