Hapana Kufuta Maua ya Mama Kavira

Lundi, tarehe 9, mwezi wa pili
Nimefungua atelier, nimepangusa vumbi kwa ordinateur, kompyuta yangu ya kazi. Mashine mupya ya broderie, ya kutarizi maua, imefika toka Kasindi, ya zamani ilishakufa. Nimeiunganisha. Imekataa! Ati système ya ordinateur ni ya zamani. Hata mimi niko wa zamani, na niko natumika bado.
Samedi hii, tarehe 14, mujukuu wangu Masika anaolewa. Bibi yangu wa ndoa, marehemu Mama Kavira, alichora maua ya bitambaa bya arusi, na batoto betu bote nilibashonea. Maua yenyewe iko mu ordinateur, inafunguka mu programu moja tu. CD ya kuweka ile programu tena ilipotea.

Mardi 10
Kasereka wa cyber amekuya. "Papa Kambale, tuformater tu!" Kwake kila ugonjwa dawa ni formater. Huyu akiumwa jino atakata kichwa. Formater inafuta programu, na maua haifunguke tena. Nimemufukuza.
Binti yangu Kavira, fundi wa ordinateur kule Beni, amesema kwa téléphone: système mupya inaweza kupanda juu ya ya zamani, programu zote zibakie fasi yake. Atakuya jeudi. Mimi kungoja? Hapana. Nimetuma Amisi wa camion aniletee clef USB yenye système mupya toka Uganda.

Mercredi 11
Clef imefika. Nimeiingiza mimi mwenyewe, mutu wa troisième primaire, darasa la tatu tu! Kavira alinieleza: chagua mustari wa juu, wenye kubakisha programu. Ule mustari umefifia kama uji. Haubonyezeke. Wa chini, wa kufuta yote, njo unawaka.
"Bonyeza wenye kuwaka, muzee! Unaogopa kidole yako?" Kasereka tena.
Sikubonyeza. Nimetoa clef. Nimekasirika sana. Nimeogopa pia. Kidogo.

Jeudi 12
Kavira amefika, vumbi mupaka kwa kope. Ameangalia clef, amecheka mupaka akakaa chini. "Papa! Hii ya Uganda ni Kiingereza. Ordinateur yako ni Kifaransa. Luga zikiachana, inakataa kubakisha programu."
Ameleta ya Kifaransa. Ameiingiza ordinateur ikiwa inatumika. Mustari wa juu ukawaka!
Kisha écran, kioo ya ordinateur, ikawa nyeusi. Kasereka akasema imekufa, tuzime. Nikakaa mbele ya bouton ya kuzimia. Hakuna mutu atagusa. Ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena.
Halafu ikafunguka. Kila kitu fasi yake! Nikabonyeza programu, ya tatu toka juu. Maua! Nikaunganisha mashine mupya: imekubali! Nimecheza. Kavira amecheza. Kasereka naye, bila haya. Nikamwambia: kama jana ningekusikia? Akaongeza kucheza.
Kichwa ngumu yangu njo iliokoa maua. Naiandika, maana batasahau.

Samedi 14
Arusi imepita muzuri. Masika alijifunika kitambaa nilishona jana, akapapasa maua na kidole. "Wasingya, nkaka": asante, babu, kwa luga yetu. Nikamunyooshea kitambaa kwa bega.
Nimerudi atelier peke yangu. Bouton ya kuanzia kwa écran, ile ya kona, système mupya imeihamisha katikati. Nimeiona bila kuuliza mutu.
Nimefungua maua. Hakuna kazi ya kushona. Naangalia tu.