Karani wa Mwezi Hana Ovataimu

Baba,

Nakushika miguu huko uliko, Mola akupe nafasi njema. Sisi wazima. Mama bado husahau akakutolea kikombe chako cha kahawa, kisha hukirudisha kabatini kimya kimya, nami najitia sikuona.

Meza yako pale ghalani Wete sasa naikalia mimi. Na kumezuka jambo, laiti ungalikuwapo! Enzi zako kibarua akizidisha saa alilipwa ovataimu, lakini karani wa mshahara wa mwezi haikumhusu, ati ni mtu wa cheo. Basi msimu huu wa karafuu sheria imegeuzwa. Karani naye hulipwa saa zake za ziada, isipokuwa aliye msimamizi wa watu.

Unajua tajiri mwenye ghala kafanyaje? Hakumlipa mtu. Ikifika saa kumi anatufukuza: "Haya makarani, nendeni makwenu!" Siku ya kwanza nilifika nyumbani jua lingali kali, nikasimama uani sijui nifanye nini. Nikakukumbuka, nikalia mbele ya mke wangu. Kumbe kukurudisha nyumbani kulikuwa rahisi hivi? Utotoni nilikuwa nakuona Ijumaa tu. Siku nyingine ulirudi nimeshalala, ukaondoka sijaamka, nikabaki kunusa karafuu kwenye shati ulilovua. Nilikuwa na hamu nawe, Baba. Hata leo ninayo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tajiri kaniita: "Kuanzia leo wewe ni msimamizi." Msimamizi wa nani? Chini yangu hayuko hata mtu mmoja, labda paka wa ghala. Nikaitambua hila yake. Nikishaitwa msimamizi, sheria hainihusu tena, atanibakisha mpaka isha bure kama alivyokufanya wewe. Mama kafurahi, majirani wameshaanza kuniita Bwana Mkubwa. Nami nikikataa, huenda nikafukuzwa kazi.

Leo asubuhi nimekwenda kumwambia cheo chake sikitaki. Akanitazama, akasema, "Baba yako hakuwa na maneno haya."

Nikamjibu, "Ndiyo maana sikumjua."

Sijui kesho nitakuta mlango wa ghala uko wazi au la. Ila nakuahidi, Baba: mjukuu wako, yule uliyemwacha tumboni, atanizoea mpaka anichoke.

Kwaheri, Baba. Pumzika.

Mwanao,
Hamadi